Ua wa Bwawa la Kunduchi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Nikodemu, mdogo wa marehemu, nawasomea maisha ya kaka yetu, fundi Kasimiri, aliyezaliwa Lukuledi, Masasi, tarehe 14 Mei 1912, akasoma shule ya misheni Ndanda tangu 1921 hadi 1928, akahitimu useremala, kazi aliyojivunia hata nduguze tukamtania kwamba angepiga randa mpaka kuni.

Mwaka 1931 alifika Dar es Salaam, akapata kazi katika karakana ya mbao Chang'ombe, na tarehe 8 Januari 1938 alifunga ndoa na shemeji yetu Apolonia, wakajaliwa Albano, aliyezaliwa mwaka 1940, na Filomena, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1946.

Mwezi Julai 1951 aliitwa Kunduchi na mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, aliyekuwa amechimba bwawa la kuogelea, akimtaka alizungushie ua wa mbao ili watoto wa kambi ya vibarua wasitumbukie, akahamia kambini na familia yake, na kwa adabu ya mafundi uso uliopigwa randa akauelekeza kwenye nyumba ya bwana, mapao ya kulala, yale yanayokingama kushikilia mbao, yakabaki upande wa nje, yamepandana kama ngazi. Tarehe 18 Agosti Filomena alitumwa kumwita baba yake chakula, akadhani yumo ndani ya ua, akapanda mapao yale, akavuka, akafa maji.

Watu walimfariji kwamba ajali haina kinga, akawajibu kuwa hii ilikuwa nayo, yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka kinyume. Alimwomba bwana ruhusa ya kuugeuza ua, akakataliwa, kwa kuwa upande wa mapao haupendezi kutazamwa kutoka barazani, akaenda tena mara nne, ya mwisho akafukuziwa mbwa, akarudi Chang'ombe wala hakushika randa tena.

Mwaka 1953 aliugua kifua, akalazwa hospitali, na ingawa ni vigumu kulisema mbele yenu, hakutaka kupona, akafariki tarehe 27 Novemba 1954, akiwa na miaka arobaini na miwili, ameacha mjane na mtoto mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chang'ombe, na mafundi wenzake waliomchongea jeneza hili, nanyi mliotoka Kunduchi, mliotuambia asubuhi hii kwamba ua ungali vile vile, tunawasihi muwashike watoto wenu.

Kaka Kasimiri, pumzika sasa, ua hatukuweza kuugeuza.