Nusu Kichwa, Kisha Mzunguko

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, na masikio yangu, japo ya bibi kizee, bado yanafanya kazi. Fundi cherehani, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji, alikuwa anampelekea mdogo wake ufunguo wa kibanda chake cha kushonea. "Ashone yeye, dada," alimwambia jirani yake. "Mkasi umenimaliza mkono. Mimi sasa ni wa kukaa tu."

"Kukaa!" Jirani huyo, msusi, nusura aruke. "Unaouma ni mkono, miguu imekosa nini? Hata mimi uliniuma hivyo hivyo! Sasa nasuka nusu kichwa, nazunguka mtaa mara mbili, mikono nimeilegeza, ndipo namalizia."

"Na mteja?"

"Tunazunguka wote! Nusu kasukwa, nusu timutimu, na anacheka!"

Nami nilicheka, nikajifanya nakohoa.

"Harusi haisubiri fundi azunguke mtaa, mwenzangu."

"Mshono mmoja, unainuka. Jaribu wiki moja tu!"

"Na ukizidi kuuma?"

"Ufunguo si utakuwepo? Utampa!"

Basi likasimama. Mdogo mtu alikuwa kituoni, kiganja amekinyoosha. "Ngoja kwanza," fundi akamwambia, kisha yeye na msusi wakaanza kulizunguka jengo la kituo, bado wanabishana, ufunguo ungali mkononi mwake.