Fishi Mbili kwa Mimba Moja

Bamama, salamu kwenu, wa msikiti na wa kanisa, na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke kabla ya kupimwa uzito. Nimewahesabu, mko ishirini na tisa. Nimehesabu tena, mko thelathini, kuna mmoja amejificha nyuma ya nguzo. Dada yangu wa nguzo, mimi pia nilikuwa hivyo. Ushuhuda huu ni wako kwanza.

Muganga wetu wa kliniki hii ya wajawazito ameniomba nisimame kwa sababu asubuhi hii amewauliza swali moja jepesi, mimba iko na miezi mingapi, na mimi nimesikia majibu yenu. Mmoja amesema michache. Mwingine amesema Mungu ndiye anayejua. Mwingine ametazama kwanza kulia na kushoto kama mtu aliyeficha dhahabu kwenye shavu. Siwacheki. Nataka tu mjue jinsi jibu la namna hiyo lilivyonifungia ukingoni mwa mto, mvua juu yangu, maji mbele yangu, na mikono ya mtu ikinibana magoti.

Wengi mnanijua sokoni hapa Baraka. Nauza nguo za mutumba za watoto wachanga, kofia, soksi na shali. Mteja akiniuliza bei, simpi bei, nampa mahali pa kuanzia. Ni tabia nzuri sokoni. Kosa langu ni kwamba niliibeba mpaka kitandani.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwezi wa nne. Ya pili ilitoka mwezi wa tano. Baada ya ile ya pili mama yangu mdogo alishuka kutoka Fizi kunifariji, akakaa karibu nami akaongea chinichini. Alisema hakuna mwanamke anayepoteza mara mbili bure, kuna mtu wa karibu ananihesabia, na mimba ikishajulikana miezi yake mtu anaweza kuifunga kwa uchawi. Hakutaja jina. Lakini macho yake yalienda uani, na uani alikuwepo mama mkwe wangu peke yake, aliyekaa kwetu miezi ile, anatupikia sombe.

Ndugu zangu, huzuni inatafuta mtu wa kumkalia. Yangu ilimkalia yeye.

Ya tatu ilipoingia, nilijipanga. Nilienda kupima mahali pamoja, nikasema ukweli, nikapewa fishi, kadi ya mimba. Nikaenda mahali pengine, nikapunguza miezi miwili, nikapewa fishi nyingine. Ile ya kweli niliificha chini ya sanduku, ya uongo nikatembea nayo. Mume wangu, ambaye anachimba dhahabu upande wa Lulimba, nilimpa hesabu ya uongo vilevile, kwa sababu mtoto wa kiume hamfichi mama yake kitu. Na kwa kuwa kwetu wanasema ukimnunulia mtoto nguo kabla hajazaliwa unamchimbia kaburi, mimi niliyevalisha nusu ya watoto wa mji huu sikujiwekea hata soksi moja. Hata ile moja inayobaki peke yake baada ya mwenzake kupotea.

Basi nikaingia mwezi wa tisa, na watu wote wakijua ni wa saba. Ndipo mama mkwe akatuma ujumbe kutoka kijijini kwake Lubondja, niende kumsaidia karanga.

Ningekataaje? Mwanamke wa miezi saba anachambua karanga, hakuna asiyejua. Nikisema siwezi, lazima niseme kwa nini. Nilijaribu mgongo. Akajibu kwamba nitakaa kwenye mkeka, sitainama. Nilijaribu biashara. Akajibu kwamba soko halikimbii. Kila mlango niliogusa, nilikuta mimi ndiye niliyeupigilia misumari. Nikapanda pikipiki.

Nilipofika nilikuta karanga zote zimeshang'olewa na nusu zimeshachambuliwa. Nilishangaa kidogo. Sikuuliza, maana anayeficha kitu haulizi sana.

Siku ya pili mvua ilianza. Siku ya tatu pikipiki hazikupita tena. Usiku nilihesabu kwa vidole, nikarudia, na mara zote mbili vidole vilinipa jibu moja. Nilikuwa kwenye nyumba ya mtu niliyemwogopa, barabara imekatika, na mtoto alikuwa hana habari na fishi yangu.

Asubuhi ya siku ya tano maji ya uzazi yalishuka juu ya mkeka, katikati ya maganda. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliniinua, akajifunga kitenge, akachukua furushi lake dogo, tukaenda kwenye kituo cha afya cha kijiji, ambacho kina muganga mmoja tu. Muganga akasoma fishi. Akapima tumbo langu na utepe. Akasoma fishi tena.

“Mama, kwa miezi saba hii tumbo iko kubwa. Walishakuambia ni mapacha?”

Mama mkwe alikuwa amenishika mkono. Alinitazama. Hapo, bamama, nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, “Labda.”

Kwa neno moja mimba yangu ilipungua miezi miwili na kuongezeka mtoto mmoja. Hata sokoni sijawahi kufanya bei mbaya hivyo.

Muganga akasema hana chombo cha kuwapasha joto watoto wa miezi saba, tena wawili, hawataishi pale. Akanipa dawa ya kutuliza uchungu, akaita wanaume wanne na kipoyi, kitanda cha kubebea mgonjwa, wanibebe kuelekea hospitali kubwa, naye akafuatana nasi. Akaniagiza nisisukume, uchungu uje namna yoyote. Mama mkwe naye aliagizwa asiniachie nisukume. Aliitikia kwa kichwa.

Mmeshabebwa kwenye kipoyi? Unalala chali, unaona mawingu na kidevu cha mtu. Kila anayeteleza mbele, wewe unateleza nyuma. Nilijua yule si wa miezi saba. Nilijua ni mmoja. Nilijua kituo chenye kitanda na paa tulikuwa tunakiacha nyuma kwa sababu ya tarakimu niliyoitunga mwenyewe. Nikawa najiambia, subiri mpaka ule mti. Kwenye mti nikajiambia, subiri mpaka mtelemko.

Tukafika mtoni. Magogo ya daraja yalikuwa chini ya maji. Wale wanaume wakanishusha chini, muganga akaenda nao kando ya mto kutafuta pa kuvukia, nikabaki na mama mkwe, amenitandazia kitenge juu ya uso kuzuia mvua. Hapo uchungu ukabadilika. Waliozaa mnaelewa, haukuombi ruhusa tena.

“Mama,” nikamwambia, “mutoto anakuja.”

“Muganga amesema bado,” akasema, akanibana magoti kwa mikono yote miwili.

Nikahesabu uchungu. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kwa kila mmoja nilijadiliana na Mungu: mto ushuke, muganga arudi, nizae bila kusema. Mpaka wa tisa hakushusha chochote. Kwa miezi yote niliogopa kwamba yule mama ataifunga mimba yangu, na sasa alikuwa ameifunga kweli, kwa mikono yake, na kamba nilimpa mimi. Nikinyamaza, mtoto angekufa kati ya magoti yangu, na siri yake ingekuwa salama kabisa.

Wa kumi ulipokuja niliondoa kitenge usoni.

“Mama, niachie miguu. Ni mutoto moja, na ni miezi tisa kasoro siku tatu. Nilidanganya fishi. Nilikuogopa we.”

Aliachia.

“Ni tisa kamili,” akasema. “Umehesabu vibaya.”

Akamwita muganga kwa sauti iliyoshinda mto. Wakati muganga anakimbia kuja, mama mkwe aliniambia yaliyobaki huku akinivua sketi. Alianza kuhesabu tangu siku nilipoacha kuanika vitambaa vyangu vya mwezi, alipokuwa bado anakaa kwetu. Karanga alizing'oa mapema makusudi, alitaka nizalie karibu naye na karibu na kituo, maana Baraka nilikuwa peke yangu.

“Sasa mbona hukusema kwa muganga?” nikamuuliza.

“Fishi imesema saba. Muganga amesema saba. We mwenyewe umesema saba. Mi nikisema tisa, na mutoto akufe, nani angeitwa muchawi?”



Muganga alipofika nilimrudia hesabu, safari hii mbele ya watu wote. Alisema kwamba tungekuwa tumeshamaliza na kunywa chai. Hakusema zaidi, kazi ilikuwa imeshaanza. Wale wanaume wanne wakashika vitenge pembe nne, wakageuza migongo, na mmoja wao alikuwa anaimba wimbo wa kanisa bila kujua maneno yake. Nilisukuma mara tatu. Mtoto akatoka, wa bluu, kimya.

Nikahesabu. Muganga anamsafisha mdomo, nafika sita. Anamsugua mgongo, nafika kumi na moja. Nikaanza upya kutoka moja kwa sababu sikutaka kufika mbele zaidi. Kwenye nne ya pili, alilia. Msichana. Mzito, ana kucha ndefu, hana hata dalili ya miezi saba.

“Tumuvalishe nini?” muganga akauliza, na mimi, mfanyabiashara wa nguo za wachanga, nikatazama matope.

Mama mkwe akafungua lile furushi. Ndani mlikuwa na wembe mpya kwenye karatasi yake, uzi, sabuni, vitambaa safi viwili, shali, na kofia ya manjano. Kofia ile niliijua. Niliiuza mwenyewe wiki tatu nyuma kwa mama mmoja mgeni aliyenisumbua bei mpaka nikachoka. Kumbe alikuwa ametumwa.

Tukarudi kijijini kwa kipoyi kilekile, njia ileile, na safari ya kurudi ilikuwa fupi.

Namshukuru muganga yule, aliyenitunza siku tatu na kunigombeza siku mbili tu kati ya hizo. Nawashukuru wale wanaume wanne, ambao hawajawahi kunitania kwa jambo hili, na mnajua wanaume wa kwetu. Mama mkwe namshukuru kwa kofia, na kwa sababu aliniachia miguu kabla ya kunisamehe.

Na kwenu nasema hivi. Kama kuna watu wanaofunga mimba, mimi sijui, si mchungaji wala shehe. Ninachojua ni kwamba siku ile aliyeifunga ya kwangu nilikuwa mimi. Mficheni jirani mkitaka, ila muganga mpeni siku ya kwanza ya hedhi yenu ya mwisho, kama ilivyo, bila punguzo. Fishi iwe moja. Na furushi lenu lifungwe mapema, wembe na uzi na kitambaa safi, maana nguo haijawahi kumwua mtoto, baridi ndiyo inaua. Mama yangu mdogo alibisha kwa hili. Nilimpa mtoto ambebe, akanyamaza.

Yule msichana sasa anatembea, anaangusha bidhaa zangu. Na mimi, mnaponiona nimesimama huku nimejishika kiuno, nina mimba tena. Miezi minne na wiki mbili. Nimeisema, mmesikia wote thelathini. Mama mkwe wangu amekaa pale benchi ya tatu, anatikisa kichwa. Anasema ni minne na wiki tatu. Bado tunajadiliana.

Haya, dada yangu wa nguzo. Na wewe?