Kinamasi Alichonyimwa Reuben

Msikilizeni mama yenu, wanangu. Reuben, sogea, usisimame mlangoni kama mpita njia. Kifua kimenibana, sauti haitafika huko.

Najua hamsemezani tangu mkutano wa mji, wewe Reuben ulipoomba ugawiwe kile kinamasi cha malisho ya wote, na kaka yako Asahel akainua mkono kukukatalia mbele za watu. Basi sikieni la marehemu baba yenu, kwani mlikuwa wachanga.

Baba yenu Gideon alifika Stonebury na shoka tu. Lakini ardhi ilikuwa rahisi, na mwenye shamba alikuwa na sauti mkutanoni. Kapteni Pruden, mwenye kinu cha maji kwenye maporomoko ya mto, akataka apewe na maporomoko ya pili, asitokee msagaji mwingine. Nusu ya wanaume walikuwa vibarua wake. Akawakodolea macho mmoja mmoja, na bado wakamkatalia, baba yenu akiwa wa kwanza. Kapteni akafunga kinu. "Katwangeni wenyewe, mabwana wakubwa!" Tukatwanga mahindi kwenye gogo msimu mzima wa baridi, viganja vikichubuka, hata akaona kinu bila wateja ni banda la panya, akafungua.

Theluji ilipoyeyuka tukachagua wasimamizi wa mji, na baba yenu akamchagua nani? Kapteni! Nikamwambia, "Umerogwa, baba Asahel?" Akacheka: "Nilimkatalia maporomoko, sikumkatalia akili. Nani mwingine hapa anajua kujenga daraja?" Na daraja likajengwa.

Asahel, ulisema kinamasi kikigawiwa ng'ombe wa maskini watakosa malisho. Ni kweli. Lakini ungeanza kumwambia nduguyo humu ndani. Mkubwa hamvui mdogo nguo sokoni. Nawe Reuben, umenyimwa kinamasi, hukunyimwa ndugu.

Shamba hili ni mawe. Mkiligawa mtalala njaa wote. Libaki kwa Asahel. Reuben, chukua maksai wote wawili na plau, uende kaskazini kwenye ardhi mpya, ukawe na shamba na sauti yako. Submit, binti yangu, mimi na wewe hakuna aliyetuuliza neno mkutanoni. Basi hapa nasema mimi: kitanda changu, mtambo wa kufumia na ng'ombe mweupe ni vyako, asikuulize mume wala kaka.

Asahel, wewe ndiye utakayewafunga nira hao maksai, umsindikize nduguyo hadi njia panda.

Mungu awape mvua ya kiasi... na majirani wasemao kweli usoni... Acha maji, Submit, yatosha. Reuben asiondoke na njaa. Asahel... mkatie kipande cha mkate. Kikubwa. Kikubwa zaidi, mwanangu.