Ushahidi Wangu Dhidi ya Tembo Aliyeitwa Mwenyekiti

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni rasmi wa shughuli yetu, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala, wenyeviti na watendaji wa vijiji, askari wa wanyamapori mliokaa kule nyuma kana kwamba sherehe hii si yenu, wana Mwakilundo mliopanda lori tangu alfajiri mkafika Magu kabla ya sisi wenye magari madogo, Baba Pius, mume wa mstaafu wetu, pamoja na ndugu mliovuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, na wewe mwenyewe, Mama Justa Bagenda, afisa wetu wa wanyamapori, uliyekwisha kuvishwa khanga tatu na nyingine zinakuja: nawasalimu wote. Kama nimemruka mtu, umri wangu unamwomba radhi.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sikumbuki kipindi nilichomaliza kabla ya kengele, lakini leo nitajitahidi.

Kwa wasionifahamu, naitwa Mwalimu Ndalahwa. Siku hizi naishi Ilemela, juu ya mawe, karibu na mtoto wangu na mbali na jembe. Shamba langu bado liko Mwakilundo. Lakini Mwakilundo nako si kwetu hasa. Nilizaliwa Nyasalala, kijiji ambacho hamtakiona kwenye ramani yoyote iliyochapwa ndani ya miaka hamsini. Mwaka 1974, tulipohamishwa, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baadaye ardhi ile ikaingizwa ndani ya kitalu cha uwindaji. Pale palipokuwa na kihenge cha baba yangu sasa pana mahema ya wageni wanaokuja kuwinda. Nilipaona mara moja, nimesimama upande wa huku wa jiwe la mpaka. Pamefagiliwa vizuri.

Kijiji kimenituma nishukuru, na nianze na niliyotumwa. Mama Justa, tunakushukuru kwa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, ambazo mwanzoni tulizicheka, tukasema huyu mama anataka kuwapikia tembo mchuzi. Tunakushukuru kwa fomu za kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa, ulizozijaza kwa mkono wako, umekaa juu ya ndoo, huku kila mmoja wetu akikuongezea ekari ambazo hakuwa nazo. Ulikuwa unaangalia shamba, unaangalia fomu, unasema, "Mzee, hilo ziwa nalo umelilima?" Tunakushukuru kwa kuja kila ulipoitwa, hata pale gari la idara lilipokuwa limelala bila mafuta na ukaja na bodaboda, bunduki umeibeba mgongoni na kofia umeishika mkononi.

Hayo ndiyo niliyotumwa. Sasa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, naomba niongeze shukrani moja ambayo sikutumwa, na ambayo nilipaswa kuitoa miaka minne iliyopita.

Mwezi Mei wa mwaka ule, saa moja na nusu asubuhi, dada yangu Dorotea alikuwa kwenye majaruba yake ya mpunga kando ya ghuba, anawinga ndege. Alikuwa na debe na kijiti. Tembo alitokea kwenye matete. Majirani walisikia debe likilia kwa kasi, kisha wakalisikia limenyamaza. Sitasema zaidi, kwa sababu mwanawe, Kashindye, yumo humu ukumbini.

Kuna tembo mmoja mkubwa ambaye watu wa Mwakilundo walikuwa wamempa jina la Mwenyekiti. Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji utanisamehe, jina hilo lilikuwepo kabla hujachaguliwa. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa akitembea polepole, wengine wakimfuata, na hakuna aliyemharakisha. Meno yake yalikuwa marefu kiasi kwamba akiinamisha kichwa kunywa maji yaligusa matope. Siku tuliyomzika Dorotea niliketi juu ya mkeka, watu wakaniuliza ni yupi. Mimi sikuwepo. Sikuona kitu. Nikasema, "Ni yule mkubwa."

Ndugu zangu mnazijua desturi zetu. Mtu aliyefiwa, maadamu yuko kwenye mkeka wa matanga, habishiwi. Akisema jua limechelewa kutoka, mnaitikia. Basi neno langu lilitoka pale mkekani bila kuulizwa na mtu, likafika kwa mtendaji, likaandikwa, na kwa kuwa limeandikwa likawa ushahidi. Ndani ya siku mbili akaja bwana mmoja wa kampuni ya uwindaji, mtu mpole, mwenye pole za kweli. Alikuwa na mgeni kambini ambaye alikuwa ametafuta meno ya aina ile kwa misimu mitatu. Alisema kwamba tembo akitangazwa mharibifu na hatari, lazima auawe na mtu. Basi mgeni wake angeweza kuwa huyo mtu, na kampuni ingetuezekea zahanati, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa tangu uchaguzi uliopita. Kilichohitajika ni maelezo ya familia ya marehemu na sahihi ya afisa wanyamapori.

Familia ya marehemu ilikuwa mimi. Niliweka sahihi.

Siku ya nne akaja Mama Justa. Alivua viatu pembeni ya mkeka, akaketi chini na wanawake, akatoa pole yake taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna Msukuma angelifanya. Akasema, "Mwalimu, unisamehe kwa nitakalosema. Aliyemuua dada yako si Mwenyekiti."

 Kashindye akasimama. "Wewe mama wa ndizi," akamwambia, "tembo umemjulia wapi? Bukoba kuna tembo?"

"Hatuna, mwanangu," akajibu. "Ndiyo maana nalazimika kuwapima."

Akatoa mfukoni vipande viwili vya kamba ya katani, akavilaza mbele yangu. Kimoja kilikuwa mzunguko wa unyayo wa mguu wa mbele, alioupima kwenye jaruba la Dorotea asubuhi ile ile ya msiba, kabla watu hawajaukanyaga. Cha pili kilikuwa cha unyayo wa Mwenyekiti, alioupima jana yake kwenye matope ya mto. Ukizidisha mzunguko huo mara mbili unapata kimo cha tembo begani, kwa kukadiria. Kamba ya kwanza ilikuwa sentimita mia moja na kumi na mbili. Ya pili ilikuwa mia moja na sitini. Huyu wa kwanza alikuwa dume kijana, tena anachechemea, kwa sababu unyayo ulikuwa na mfereji umekata kati.

Mimi nimefundisha mzunguko wa duara kwa watoto ambao baadhi yao sasa ni babu. Niliziangalia zile kamba. Nikasema, "Mama, hapa si mahali pa kupimia." Hilo lilikuwa kweli. Lakini lile la kwanza nililolisema lilikuwa si kweli, na tangu dakika ile nililijua.

Alikataa kuweka sahihi. Siku ya sita alikwenda mwenyewe na askari wake wawili, akamfuata yule dume kijana, akampiga risasi. Naomba jambo hili lisikike, maana kuna waliosema mama huyu anapenda tembo kuliko watu. Tuliposikia mlio tulikwenda wengi, nami nilikuwepo. Mtu mmoja alitoa simu apigwe picha ameweka mguu juu ya kichwa cha mnyama. Mama Justa akamwambia, "Rudisha simu mfukoni. Hapa hakuna aliyeshinda." Kisha akainama kwenye mguu wa mbele, na sote tukaona waya wa mtego umezama ndani ya nyama mpaka kwenye mfupa, usaha unatoka. Ni waya wa aina ile tunayotegea swala. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Pale kijijini kwetu swali hilo lina majibu mengi.

Nimekuwa na muda mwingi wa kusoma tangu nistaafu. Nimesoma wanaotetea uwindaji wa tembo kwa ajili ya meno na picha. Wanasema ardhi isiyoingiza chochote hugeuzwa mkaa na malisho, na kwamba tembo mzee mmoja akifa kwa bunduki ya mgeni, mia wanabaki na msitu wao. Siwezi kuwaita waongo. Nimesoma pia wanaopinga, wanaosema kwamba dume mzee ndiye anayewatuliza madume vijana, na ukimwondoa unaachiwa kundi la wahuni. Nao siwezi kuwabishia. Je, tembo wakizidi mashamba yetu, tuwapunguze? Na wakipungua, nani atathubutu kusema ni sisi? Nimewahi kumwuliza Mama Justa maswali haya. Alinijibu kwamba yeye hajui jibu la tembo wote. Anajua tu kwamba kabla ya kumuua mmoja, sababu iliyoandikwa kwenye karatasi iwe ndiyo sababu yenyewe.

Basi niseme sababu yangu yenyewe. Sikumtaka Mwenyekiti kwa ajili ya Dorotea. Kwa Dorotea ningemtaka aliyemuua, na huyo nilikuwa nimeonyeshwa. Nilimtaka Mwenyekiti kwa sababu alikuwa akiingia na kutoka Nyasalala kila siku bila kumwomba mtu kibali, na mimi sikuweza. Nilitaka kitu kikubwa kutoka ardhi ile kianguke, na mtu aseme kimeanguka kwa ajili yetu. Mgeni wa kambini alitaka meno ya ukutani kwake. Nikijiangalia vizuri, sioni kama tulitofautiana sana.

Sahihi ilipokosekana, mgeni aliondoka, na paa likaondoka naye. Zahanati yetu ilikaa miaka mitatu zaidi bila bati. Akina mama waliendelea kuja kujifungulia hapa Magu, wengine wakajifungulia njiani. Mama Justa hakuwahi kutuambia kwamba uamuzi wake haukuwa na gharama. Alikuja kwenye kila mkutano akakaa akazomewa.

Nami niliandika barua ya kumshtaki. Wakubwa mtaikumbuka. Ilikuwa kurasa mbili, na ndani yake mna sentensi hii: "Afisa huyu amechagua upande wa wanyama dhidi ya marehemu." Niliitunga mimi, nikaisoma kwa sauti nikaipenda. Ni sentensi nzuri, na ni ya uongo. Kwa barua ile aliondolewa porini akawekwa ofisini mjini, miaka miwili, anapanga majalada. Aliporudi alinikuta kituo cha basi Misungwi. Nilidhani atanipita. Akaniuliza habari za macho yangu, kwa sababu alikuwa amesikia nimefanyiwa operesheni.

Anatikisa kichwa. Mama, nivumilie, nimebakiza kidogo.

Mwenyekiti yu hai. Msimu uliopita walimwona na madume vijana wanne nyuma yake. Sitawadanganya kwamba mambo yote yametengemaa. Mwezi wa tatu waliingia shambani kwangu wakala mahindi yote, wakaniachia magimbi, nadhani kwa heshima. Nilijaza fomu. Ekari niliandika zile zile nilizonazo.

Ndugu Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mama Justa anaondoka kazini mwisho wa mwezi huu. Barua yangu bado imo kwenye jalada lake, na mtu akilifungua jalada hilo miaka thelathini ijayo, sitakuwepo kumweleza. Kwa hiyo natamka hapa, mbele ya viongozi na mbele ya kijiji changu: maelezo niliyotoa kuhusu kifo cha dada yangu hayakuwa ya mtu aliyeona. Sikuona. Na niliyoyaandika dhidi ya afisa huyu nilijua si kweli wakati nayaandika. Nimeyaandika haya pia kwa mkono wangu, nimeweka sahihi na tarehe, na nakukabidhi sasa hivi uyaweke juu ya yale ya kwanza. Karatasi hii hapa. Asante.

Kashindye, mwanangu, najua hukutegemea kusikia hili ukiwa umevaa suti. Ulimtukana mama huyu kwa sababu mjomba wako alikuacha uamini uongo. Hasira yako ilikuwa halali, ila mimi niliielekeza pabaya. Umkasirikie anayestahili, nitakuwa nyumbani Jumapili.

Na wewe, Mama Justa. Ulikuja ukamwambia mfiwa ukweli juu ya mkeka wake, jambo ambalo desturi yetu inakataza, na mimi naipenda desturi hiyo na bado nakushukuru kwa kuivunja. Dada yangu alipata haki yake. Aliyemuua ndiye aliyekufa, na hakuna mwingine aliyeuawa kwa jina lake. Haki hiyo umempatia wewe, si mimi niliyezaliwa naye tumbo moja.

Nimekuzidi miaka kumi na mitatu. Kwa umri wangu nimebakiza watu wachache sana wa kuwaamkia, na wote wamekaa Ilemela wakiota jua. Lakini leo natoka nyuma ya meza hii, navua kofia yangu, napiga goti, na nasema mbele ya mume wako na watoto wako: Shikamoo, Mama Justa.

Msicheke. Simameni kama mnataka, lakini msicheke. Na wewe usinikimbilie kuninyanyua. Siketi mpaka uitikie.

Ameitikia. Kwa sauti ndogo, lakini nimesikia, na waliokaa mbele wamesikia. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Naomba sasa niende kukaa.