Breki ya Katambuga

Kijiwe cha daladala nyuma ya soko, mjini Shinyanga, kina benchi moja lililovunjika mguu likaegemezwa kwenye matofali. Daladala hapa ni baiskeli: nyuma kiti cha sponji, mbele dereva, na katikati ni kumwomba Mungu. Asubuhi hiyo kahawa ya Stanslaus, muuza kahawa wa kijiwe, ilikuwa ya moto lakini vikombe vilishikwa tu, havikunywewa. Gari la matangazo lilikuwa limepita likisema kuanzia Jumatatu askari watakamata kila baiskeli isiyo na breki, maana sheria ya barabarani inazitaka. Dominiko, mmoja wa madereva, alizitazama baiskeli zilizopangwa mbele ya benchi, moja baada ya nyingine, akaishia kwenye yake.

Breki alizing'oa mwenyewe msimu wa mavuno, kwa sababu magunia ya mpunga yalikuwa yanabana vile vyuma na gurudumu linagoma kuzunguka. Mavuno yakaisha, vyuma vikabaki chini ya kitanda. Tangu hapo alisimama kama wenzake: unainua mguu, unakandamiza soli ya katambuga, ndala ya tairi kuukuu la gari, kwenye tairi la mbele, basi.

Agapiti, waliyemwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kusikiliza kesi ya wizi wa ng'ombe mwanzo hadi mwisho, ndiye aliyefungua mjadala.

— Baiskeli bila breki, kisheria, ni silaha. Unashtakiwa kama mtu aliyekutwa na panga mkononi.

Edward, aliyerudi kutoka machimbo ya Geita bila dhahabu, akiwa na jina la Duara tu, yaani shimo la wachimbaji, alisema Hakimu anachukulia mambo kirahisi. Kule alijionea mashine inayoona dhahabu chini ya mwamba, na hiyo ndiyo itakayofungwa darajani.

— Inakuona hujafika hata kona. Inaona mpaka soli yako ilivyolika.

— Na nikigeuza? aliuliza mmoja wao.

— Sura yako inayo tayari, ndugu yangu. Utageuza uende wapi?

Stanslaus naye alikuwa amesikia kwamba baiskeli zikikamatwa zinayeyushwa, na majina ya wenyewe yanasomwa redioni kabla ya matangazo ya vifo. Walicheka kidogo, kicheko cha kusafisha koo. Dominiko hakucheka. Hofu yake haikuwa ya Jumatatu, ilikuwa ya juzi.

Juzi mvua ilikuwa imetoka kunyesha, naye anashuka mteremko wa darajani akimpeleka abiria wake wa siku nyingi, Bibi Mariana, kliniki ya macho. Lori la kokoto likakata mbele yao. Aliinua mguu, akakandamiza, na katambuga iliyolowa ikateleza juu ya tairi kana kwamba imepakwa mafuta. Walipenya kati ya lori na ukingo wa daraja, nafasi ya mkono mmoja. Bibi, ambaye siku hizi haoni kitu ila mwanga, alikuwa anacheka na upepo nyuma yake, akamwambia leo umenikimbiza, baba, tutakuwa wa kwanza kwenye foleni. Dominiko hakumwambia mtu, hata mkewe. Kila akifumba macho analiona lile gurudumu la lori, na usingizi umemkataa.

Hakimu alikuwa amefika mahali pa kusema hata abiria atafungwa, kwa kosa la kukalia silaha, fimbo ilipogonga matofali. Bibi Mariana alikuwa amesimama pembeni ya benchi, kadi ya kliniki mkononi.

— Shikamoo bibi, walisema karibu wote kwa pamoja.

— Marahaba. Nimesimama hapa kitambo, nimewasikia. Kumbe hakuna yenye breki?

Aligonga tena fimbo kwenye matofali.

— Dominiko, wewe siku zote ulikuwa unanisimamisha na nini?

Duara alivuta miguu yake chini ya benchi, na wengine wakavuta ya kwao. Dominiko angeweza kusema lolote, bibi angeamini, na hilo lilimtisha kuliko askari.

— Na mguu, bibi.

— Na juzi?

— Juzi mguu haukushika. Nilishindwa kusimama. Tuliponea chupuchupu.

Bibi alipapasa akalitafuta bega la Dominiko, kama afanyavyo kila anapotaka kupanda. Hakupanda.

Waliondoka kwa miguu kuelekea kliniki, Dominiko akikokota baiskeli upande mmoja, bibi amemshika upande wa pili. Nyuma yao kahawa ilipoa vikombeni. Mteremko waliushuka polepole, na lori lilipopiga honi kwa mbali, wote wawili walisimama.