Rubani Aliyekataa Kuruka

— Wewe, hebu niambie: ungepanda ndege inayorushwa na mtu uliyemfuta kamasi?

Swali lilitupwa na Gia, dereva mstaafu wa malori. Likampita Profesa, kinyozi asiyekosa jibu la jambo lolote, likamgota Fundi Utepe kifuani. Kijiwe chao kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la kushona. Upande mmoja ubao ulichomoza nje ya matofali, na hapo ndipo alipokaa Fundi Utepe, karibu na mlango wake, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Sheria ya ubao ilikuwa moja tu: hakuna kuinuka bila kusema “natoka.” Siku Profesa alipoisahau, ncha ile ilikwenda chini, na Fundi Utepe pamoja na kikombe chake. Sababu haikuwahi kutajwa. Watu wenye adabu hawamwelezi kiuno chake fundi aliyewapima vya kwao.

Asubuhi ile wote walikuwa wametoka kwenye uwanja mdogo wa ndege, wamevaa mashati aliyowashonea yeye. Binti yake, fundi wa friji, alikuwa amepata leseni ya rubani, na abiria wake wa kwanza angekuwa baba. Ndege ilikuwa ya viti viwili. Fundi Utepe akajipenyeza ndani, akafunga mkanda, akapunga mkono. Binti akaizunguka ndege, akayatazama magurudumu, akarudi kwenye karatasi yake ya hesabu, akamtazama baba yake kitambo.

“Leo haturuki,” akasema.

Basi. Hakuongeza neno. Na baba mtu hakuuliza.

— Aliogopa, alisema Gia. Miaka thelathini barabarani, mimi uoga naunusa. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

— Pale kulikuwa na maji? aliuliza Bi Birika, muuza kahawa, akimmiminia.

— Ni methali, dada'angu. Haihitaji maji.

— Mimi ninachojua, alisema Profesa, yule mtoto si wa mchezo. Kapimwa macho, masikio, moyo. Kafanya mitihani ya hali ya hewa, ramani, sheria za anga, namna ya kuzungumza kwenye redio. Zaidi ya saa arobaini huko juu! Halafu siku moja mwalimu anashuka, anafunga mlango, anamwambia: haya, rusha peke yako.

— Hapo mimi ningeshuka na mwalimu, alisema Bi Birika.

— Na nauli haruhusiwi kutoza! Gia alidakia. Rubani binafsi hachukui hela ya abiria. Sasa mtu asome yote hayo apate nini?

— Wewe hapa unalipwa kukaa? aliuliza Bi Birika.

Gia hakuyumba. Alisema iko mashine wanakuzungusha humo mpaka usahau jina la mama yako, ukilikumbuka, umefaulu. Profesa akasema hilo dogo. Rubani hutolewa mshipa wa woga, upo hapa nyuma ya sikio, yeye akinyoa kichwa anauona.

— Basi wake walibakiza kipande, alisema Gia. Mpanda ngazi hushuka, huyu hata ngazi hakuigusa. Kuanzia leo jina lake Rubani wa Ardhini.

Walicheka. Fundi Utepe hakucheka. Jina likitoka kwenye ubao ule lilikuwa haliondoki tena. Yeye mwenyewe hakuzaliwa Utepe. Aliinamia kikombe chake. Miaka minne binti yule alikuwa akirudi kutoka kwenye friji za watu, mikono inanuka gesi, anaketi jikoni na mpini wa ufagio katikati ya magoti, akiuvuta taratibu huku akizungumza na mnara wa kuongozea ndege usiokuwepo. Akikosea neno moja, anaanza upya. Baba alimsikiliza akiwa kwenye cherehani, na mara nyingi aliacha kukanyaga pedali ili asimpotezee neno.

Juzi binti alimpigia simu, akamuuliza jambo dogo. Yeye akalijibu upesi upesi.

— Shikamooni.

Alikuwa ni binti, na ovaroli la kazini, faili kwapani.

— Marahaba, Rubani wa Ardhini! alisema Gia. Ndege ilikuwa mbovu?

— Nzima, mjomba.

— Upepo?

— Mtulivu.

— Basi mbovu ni nani?

Binti alipokea kahawa kwa Bi Birika, akanywa kidogo.

— Karatasi ndiyo haikukubali.

— Karatasi! Gia alijipiga paja. Jamani, mimi nilidhani ndege ina injini!

Binti alifungua faili juu ya goti, akatoa karatasi mpya na penseli.

— Ndege wamenipa tena alasiri. Baba, nikuandike uleule wa juzi?

— Uleule nini? aliuliza Profesa.

Gia naye alimtazama Bi Birika, na Bi Birika akaitazama birika. Penseli ilisubiri. Fundi Utepe alijua kwamba akisema “uleule,” mtoto angeandika, angemfikisha tena mlangoni mwa ndege, angesema tena “leo haturuki,” na angelibeba lile jina hadi uzeeni bila kumtaja baba yake hata mara moja.

— Natoka, alisema.

Kila mtu akashika kikombe chake. Ubao ukalia. Fundi Utepe akasimama, akauvua utepe shingoni, akauweka juu ya karatasi.

— Sahau sabini na nane, mwanangu. Nilikudanganya. Mteja alikuwa amesimama dukani, nikaona haya, nikasema la kwanza lililonijia mdomoni. Na wewe utabishaje? Kutwa nzima napima watu. Nina kilo mia na nne.

Kisha akamgeukia Gia.

— Hakuogopa huyu. Alihesabu, akaona uzito umezidi. Aliyeogopa ni mimi, niliogopa mizani, na asubuhi nzima nimewaacha mkimcheka.