Mzee Soli, Fundi Viatu Aliyeshona Kizibao

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Soli, alizaliwa tarehe 11 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa kike. Huu ni wasifu wa nne anaowasomea ndugu zake, na kwa heshima zote anaomba ukoo uanze kumtafuta msomaji mwingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Kwenye ripoti ya mwisho mwalimu wake aliandika maneno mawili tu: "Ana mikono." Baba aliisoma, akaikunja, akasema, "Mikono kila mtu anayo." Hakuendelea na masomo.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye kiwanda cha viatu. Kwa miaka kumi na mitano alibandika soli, tena za mguu wa kushoto peke yake, maana za kulia zilikuwa na mtu wake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1989 alihamia kwenye kibaraza cha duka la dawa, akashona viatu vya watu hadi mgongo ukapinda. Mteja akilalamika kwamba kiatu kinambana, jibu lake lilikuwa lile lile: "Vaa tu, kitaachia."

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983. Mkewe anasema hakuwahi kumsikia akilalamika, isipokuwa jioni moja alipokuwa ananawa gundi mikononi. "Mama watoto," alisema, "nimeshika viatu vya mji mzima. Hakuna hata kimoja nilichokianza mimi nikakimaliza mimi." Mkewe alidhani ni uchovu, akampa chai. Kweli ulikuwa uchovu, lakini si wa siku ile.

Februari 2022 mtunza makumbusho alimletea picha ya kizibao kirefu cha ngozi, kama kile walichovaa wapanda farasi miaka mia tatu iliyopita. Alitaka kingine kama hicho, kishonwe kwa mkono bila mashine, watoto wa shule waweze kukigusa. Kaka hakuwahi kushona nguo hata ya mwanasesere. Alikubali kabla mgeni hajamaliza kueleza.

Alikata ngozi yeye mwenyewe, akatoboa kila tundu kwa msharasi, akapitisha uzi wa nta kwa sindano mbili, moja huku na nyingine kule. Miezi minne ilikwisha hivyo. Mtunza makumbusho alipokijaribu, mikono haikunyanyuka na pumzi haikushuka.

"Fundi, kinanibana."

"Vaa tu, kitaachia," akajibu, kisha akaliona kosa lake. Alikuwa amekata kama fundi viatu, akiibana ngozi ili mguu uje kuilegeza. Lakini kifua si mguu, na kiatu hakivuti pumzi wala hakiketi kitini. Na ngozi ikishatobolewa imetobolewa, haina kufumua ukaanza upya. Akanunua ngozi nyingine.

Kufikia hapo kisukari, alichogunduliwa nacho mwaka 2019, kilikuwa kimefika vidoleni, vikafa ganzi. Alikuwa akijichoma sindano bila kujua, hadi mkewe aone damu, na mshono wa siku moja ukawa wa wiki.

"Baba watoto, mwenye nguo hiyo alishakufa zamani."

"Basi huyo hatasema inambana."

Sisi ndugu tulimshauri akipeleke kizibao kwa fundi wa mashine, robo saa kazi iishe. Mshauri mkuu alikuwa huyu anayesoma. Tulidhani tunamhurumia. Hatukumwelewa, na hilo linatuuma.

Aprili mwaka huu figo zilishindwa kazi. Alilazwa tarehe 29, na akaaga dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 15 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 67. Kizibao alikiacha mezani, kimebaki mshono wa bega la kushoto, kama shibiri moja hivi.

Juzi msibani mtunza makumbusho aliuliza kwa upole kama kuna fundi wa kumalizia. Mkwe wetu alishanyoosha mkono kujitolea. Mjane akakifunika kizibao kwa khanga yake.

"Maisha yake yote alimalizia vya watu," akasema. "Chake asikimalizie mtu."

Kitakwenda makumbusho hivyo hivyo, na bega likiwa wazi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na ndugu wawili. Alichoka, na sisi tulimwona akichoka. Apumzike kwa amani, na asitokee mtu wa kumwamsha eti kiatu kimeachama.